Mafuta Yasiyofika Bandarini

Bibi yangu alipika mafuta ya nazi kwa masikio. Akishateleka sufuria ya tui, alikaa kando ya mafiga akisuka ukindu, wala hatazami. Mwanzo tui lilitokota kwa kishindo, kwa kuwa maji yalikuwa bado mengi. Kelele ikapungua polepole mpaka ikawa kama manyunyu juu ya makuti. Aliepua pale ilipobaki ya kunong'ona, mashata, yale masalio ya tui, yakiwa na rangi ya halua. Angengoja sufuria inyamaze kabisa, mashata yangeungua na mafuta yangenuka moshi mwezi mzima. Mashata yenyewe yalikuwa yetu wajukuu, tukiyala kwa sukari.

Hayo yalikuwa Jambiani, kusini mashariki mwa Unguja, ambako ardhi ni mawe matupu na upepo wa kaskazi unakausha kila kitu. Kazi ya wanawake ilikuwa makumbi. Waliyafukia pwani, maji yakijaa na kutoka juu yake kwa miezi, kisha wakayafukua, wakayaponda kwa magongo na kusokota kamba. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kikaja kilimo cha mwani, na saa za kuinama katika maji ya chumvi zikaongezeka. Mikono ilipauka ikawa kama imepakwa chokaa. Visigino vilipasuka magaga yanayonasa kwenye shuka. Kumbi la nazi ndilo lililowakausha, na nyama ya nazi hiyohiyo ndiyo iliyowatuliza.

Alichagua nazi kumi zilizokauka vizuri, kamwe si koroma, kwa sababu koroma ina maji mengi na mafuta machache. Tulizikuna kwenye mbuzi, tukazikamua kwa kifumbu, na tui likalala usiku kucha katika chungu. Asubuhi mafuta yalikuwa yamepanda juu mazito, maji yamebaki chini. Aliengua yale ya juu kwa upawa na hayo ndiyo yaliyokwenda jikoni. Nazi kumi zilitoa nusu lita na ushei. Yakiwa vuguvugu alitia langilangi na asumini, lakini maua hayo yalikuwa yameshasinyaa kivulini nusu siku. Ua bichi huingiza maji ndani ya mafuta, na mafuta yenye maji huchacha.

Alikuwa na sharti moja ambalo nililielewa nikiwa mtu mzima. "Usijifute ukakauka," alikuwa akiniambia nikitoka kuoga. "Jipake ungali majimaji, mwanangu." Mafuta hayana maji ya kuipa ngozi. Kazi yake ni kuyafungia yale yaliyokwisha ingia. Anayejipaka juu ya ngozi kavu hujiona anang'aa, na jioni amepauka tena.

Ujuzi huu ni wa Bahari ya Hindi nzima. Ibn Battuta alifika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, na kutoka Kilwa akatweka kwenda Dhofar, Oman. Huko aliieleza nazi kwa kirefu: jinsi watu walivyoikata vipande, wakaianika juani, wakaipika mpaka ikatoa mafuta ya taa na ya chakula, na jinsi wanawake walivyojipaka nywele kwa mafuta hayo. Hiyo ni njia ya mbata. Ya bibi yangu ni njia ya tui. Naona tofauti ya njia hizi mbili ndiyo historia yenyewe, kwa maana mbata inavumilia safari, inaingia gunia na jahazi. Tui halingoji safari.

Katikati ya karne ya 19 mbata ilipata mnunuzi mkubwa. Watengeneza sabuni wa Marseille, Ufaransa, walihitaji mafuta, na meli zao zikaja Unguja kuchukua ufuta na mbata. Mjini vinu vya mafuta vilizungushwa na ngamia aliyefungwa macho. Mashamba makubwa yalihudumiwa na watumwa mpaka amri ya mwaka 1897 ilipowaondolea wenye watumwa haki yao mbele ya sheria, na hata baada ya hapo wengi walibaki wakifanya kazi kwenye mashamba yaleyale. Karafuu na mbata zikawa nguzo za biashara ya visiwa. Vitabu vya hesabu vikajaa frasila za mbata. Chupa ya mafuta ya tui iliyofungwa kwa kizibo cha gunzi na kuwekwa dirishani haikupimwa na yeyote, kwa hiyo haimo kitabuni. Linaniuma hili, kwani watoto wachanga wa pwani hii walikandwa kwa mafuta hayo, na kila bibi harusi aliyesingwa na somo wake kwa singo na liwa alimalizia kwa mafuta hayo.

Mwezi Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja kikaangusha mikarafuu na minazi. Mwezi Juni mwaka huohuo, Robert Chesebrough alipata hataza ya Vaseline nchini Marekani, bidhaa aliyoisafisha kutoka katika uchafu mzito uliokuwa ukiganda kwenye vyuma vya visima vya petroli. Mambo mawili yasiyojuana. Lakini minazi ilipandwa upya, na kilichokuja kuiondoa chupa dirishani kwetu ni kopo la mafuta ya mgando, wala si upepo. Siwalaumu mama zetu. Mgando unaziba ngozi vizuri, hauchachi, na kopo moja linakaa muda mrefu. Nazi kumi ni mchuzi wa siku kumi, na mama mwenye watoto sita anajua lipi litangulie.

Mimi sasa naishi katika maghorofa ya Michenzani, mjini Unguja, na napika mafuta yangu mara moja kila kaskazi ikianza. Mara ya kwanza niliyaunguza, na ya pili pia, ingawa nilifuata kila hatua. Ilinichukua muda kutambua kuwa jiko la gesi lina mvumo wake, na mvumo huo unafunika mnong'ono wa sufuria. Bibi hakupata kupikia gesi, basi hili hakuweza kunifundisha. Kwa hiyo nazima jiko, nainamisha kichwa, nasikiliza, kisha nawasha tena. Binti yangu anasimama mlangoni ananiuliza nasikia nini. Namwita asogee.