Muuza nguo aliyepigana na Edison

Wiki jana printa yangu iligoma. Karatasi zilikuwemo, wino ulikuwemo, lakini kwenye kioo ukatokea ujumbe kwamba katriji niliyoweka haitambuliki. Ni kweli, ilikuwa katriji ya kujazwa upya, ya bei nafuu. Nikabaki nikijiuliza: printa hii ni ya nani hasa? Pesa si nilitoa mimi?

Swali hili lina zaidi ya miaka mia moja, na mmoja wa waliolipigania hakuwa mhandisi wala mwanasheria. Alikuwa muuza nguo.

Carl Laemmle alizaliwa tarehe 17 Januari 1867 mjini Laupheim, kusini mwa Ujerumani, katika familia ya Kiyahudi. Mwaka 1884, akiwa na miaka 17, alipanda meli kwenda Marekani. Hakuwa na ufundi wowote wa mitambo. Alianza kwa kutumwatumwa, akaandika vitabu vya hesabu, na mwaka 1894 akaingia duka la nguo mjini Oshkosh, Wisconsin, ambako alipanda hadi kuwa meneja.

Mwanzoni mwa 1906 aliacha kazi akaenda Chicago kuanzisha biashara yake. Alikusudia kufungua duka la vitu vya bei rahisi. Badala yake akaona foleni nje ya kijumba cha sinema, watu wakilipa senti 5 kila mmoja. Inasimuliwa kwamba alisimama pale akawahesabu. Hebu fikiria: pesa taslimu, hakuna kukopesha, hakuna nguo za kubaki stoo. Februari mwaka huo huo akafungua sinema yake, kisha akaanza kukodisha filamu kwa wenye sinema wengine.

Hapo ndipo alipokutana na Edison.

Desemba 1908, Thomas Edison na washindani wake wa zamani waliziweka pamoja hataza zao. (Hataza ni haki anayopewa mvumbuzi ya kuwazuia wengine kutumia uvumbuzi wake.) Kampuni yao iliitwa Motion Picture Patents Company, na watu wakaizoea kwa jina la Trust. Ilishika kamera, ilishika projekta, na Eastman Kodak ikakubali kuwauzia utepe wa filamu wanachama tu. Mwenye sinema alitakiwa kulipa dola 2 kila wiki kwa kutumia projekta ambayo tayari alikuwa ameinunua.

Laemmle alijiunga nao kwa muda mfupi, kisha Aprili 1909 akatoka. Alipokosa filamu za kukodisha, akaanzisha kampuni ya kuzitengeneza mwenyewe, iliyojulikana kama IMP. Trust ikamshtaki. Ikamshtaki tena, na tena. Idadi inayotajwa sana ni kesi 289. Hakurudi nyuma. Mwaka 1912 aliungana na wazalishaji wengine huru wakaunda Universal, na tarehe 15 Machi 1915 akafungua mji mzima wa kutengenezea filamu huko California, Universal City. Oktoba mwaka huo mahakama ikaamua kwamba Trust ilivunja sheria ya kuzuia ukiritimba.

Lakini kesi ninayoipenda mimi ni ya tarehe 9 Aprili 1917. Kila projekta iliyouzwa kwa leseni ya Trust ilikuwa na kibao kilichosema itumike kwa filamu za Trust pekee, na ukikibandua, haki yako ya kuitumia imekwisha. Mnakivijua vile vibandiko vya "ukibandua, hakuna warantii"? Ni ndugu yake! Sinema moja mjini New York ikaonyesha filamu za Universal kwa projekta ya aina hiyo, na kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani. Majaji wakasema hataza inamlinda mvumbuzi kwa kile alichovumbua tu. Aliyevumbua namna ya kupitisha utepe ndani ya mashine bila kuukata hawezi, baada ya kuiuza mashine, kumwamuru mnunuzi aweke utepe wa nani.

Na sikiliza hii: uamuzi huo ulifuta uamuzi wa mahakama hiyo hiyo wa mwaka 1912, uliomruhusu mtengenezaji wa mashine za kurudufu kumlazimisha mteja kutumia wino wake. Wino, jamani! Mwaka 2017, karne moja baadaye, mahakama ikaitegemea tena kesi ya Universal ilipoamua kwamba Lexmark, ikishauza katriji, haiwezi kutumia hataza kuzuia isijazwe upya.

Laemmle mwenyewe aliipoteza Universal mwaka 1936 kwa sababu ya madeni. Miaka yake ya mwisho aliitumia kuweka sahihi hati za kuwadhamini Wayahudi waliotaka kuikimbia Ujerumani ya Hitler. Mamia waliokoka hivyo. Alifariki tarehe 24 Septemba 1939.

Kampuni aliyoiacha, je? Mwaka 1976 Universal iliishtaki Sony kwa kuuza mashine za kurekodi vipindi vya televisheni nyumbani. Mwaka 1984 ikashindwa kwa kura 5 dhidi ya 4. Aliyekuwa nje ya lango, akishaingia, huanza kutafuta kufuli.

Najua hiyo ni sheria ya Marekani na haifiki kwenye meza yangu. Na hata huko, siku hizi hakuna haja ya kibao wala wakili: kufuli limeandikwa ndani ya programu ya printa. Linaloniuma ni kwamba halikujiandika. Kuna mtu alikaa mbele ya tarakilishi kama ninavyokaa mimi, akapewa kazi hiyo, akaifanya, akalipwa.

Wewe ungeletewa kazi hiyo, ungeiandika?