Captain Phillips (filamu)

Captain Phillips ni filamu ya Marekani ya mwaka 2013, iliyoongozwa na Paul Greengrass, kuhusu kutekwa kwa meli ya makontena Maersk Alabama katika Bahari ya Hindi. Tarehe 8 Aprili 2009 meli hiyo, yenye mabaharia 20, ilikuwa safarini kwenda Mombasa, ikibeba pamoja na shehena nyingine chakula cha msaada, Wasomali wanne wenye bunduki walipoipanda. Waliposhindwa kuidhibiti waliondoka na nahodha Richard Phillips ndani ya mashua ya kuokolea maisha. Tarehe 12 Aprili, wadunguzi wa Marekani waliokuwa kwenye manowari Bainbridge waliwaua maharamia watatu. Wa nne, Abduwali Muse, alihukumiwa New York mwaka 2011 kifungo cha karibu miaka 34.

Tom Hanks ndiye nahodha, lakini anayeibeba filamu ni Barkhad Abdi, anayemwigiza Muse; ni mzaliwa wa Mogadishu aliyekulia Yemen kisha Minneapolis, na ambaye hakuwahi kuigiza kabla ya hapo. Greengrass aliwatenganisha wawili hao hadi siku ya kurekodi maharamia wakivamia chumba cha usukani, na mshtuko wa pale unaonekana machoni. Abdi alishinda tuzo ya BAFTA. Udhaifu mkubwa wa filamu ni jinsi inavyopitia kwa haraka maisha ya wavuvi wa Somalia wanaogeuka maharamia. Baadhi ya mabaharia nao waliipinga sura ya ushujaa ya nahodha, wakidai alipuuza maonyo ya kukaa mbali na pwani.