Mshipa upi?

Mtaani Mlandege, Unguja, mtu akilalamika kuwa mshipa umemkaza shingoni, haulizwi ni wa damu, wa fahamu au ni msuli tu. Neno ni pana. Hata ugonjwa wa ngiri una mshipa wake. Dukani, upana huo si neno. Hospitali ya Mnazi Mmoja, penye upasuaji wa ubongo, ni neno kubwa.

Kwa mfano, ipo ateri nyembamba inayochipuka kwenye ateri ya shingoni iitwayo karotidi ya nje, ikapanda kando ya koromeo hadi chini ya fuvu. Huko hulisha utando wa ubongo na neva za kumezea na za ulimi. Ikizibwa, neva hizo huweza kupooza. Ukiita zote mishipa, mshipa gani umeziba, na upi umepooza? Waandishi wa afya, andikeni ateri, vena na neva.