Linux: Kosa lililojificha kwa karibu miaka 8

Linux ndiyo kiini cha simu za Android na kompyuta nyingi. Mwaka 2017 mtafiti Alexander Popov alifichua kosa katika n_hdlc, sehemu ya Linux inayoshughulikia data za poti ya siriali, yaani tundu linalopitisha data biti moja baada ya nyingine. Lilikuwemo tangu 2009.

Utumaji ukikwama, kazi mbili zinazokwenda sambamba ziliweza kurudisha nafasi ileile ya kumbukumbu kwenye orodha ya nafasi huru. Nafasi moja, maingizo mawili: kama kiwanja kimoja kuuziwa watu wawili. Mtumiaji wa kawaida angeweza kupitia hapo kujipa mamlaka yote ya kompyuta.

Dawa ilikuwa foleni yenye kufuli: kazi moja ikiigusa, nyingine husubiri. Kosa kama hili ni gumu kunaswa, maana hutokea pale tu kazi hizo zinapokutana.