Nakshi za Ndani ya Bahasha: Mkusanyo wa Kisii na Nyamira

Ukipata barua ya benki au ya bima, kabla hujaitupa bahasha ifungue uitazame kwa ndani. Aghalabu utaikuta imejaa nakshi za buluu au nyeusi. Hazikuwekwa kwa urembo. Karatasi ya bahasha ni nyembamba, na mtu akiiinua kwenye mwanga maandishi humtokea. Nakshi haizuii mwanga wote. Huyavuruga maandishi jicho lisiweze kuyafuata.

Huku Kisii na Nyamira, ninakofanyia kazi, jambo hili lina uzito wake. Barua hailetwi mlangoni. Huja kwenye sanduku la posta, 40200 kwa Kisii mjini na 40500 kwa Nyamira, na sanduku lenyewe mara nyingi ni la shule, la kanisa au la mwenye duka. Kutoka hapo hupita mikono mitatu minne ndipo imfikie mwenyewe kule mlimani. Barua ya mkopo wa mkulima wa chai ikisomeka njiani, kijiji kitajua deni lake kabla yake yeye. Nakshi hii ni sitara.

Mimi nazipanga kwa jicho la Kipwani. Leso ina pindo, mji na jina. Bahasha haina pindo, ni mji mtupu hadi ukingoni. Fungu la kwanza ni misuko, mistari inayokatana kama ukili wa mkeka. La pili ni mawimbi. Mistari ikipinda na pia ikikatana, naihesabu misuko. La tatu ni vitone na chengachenga. La nne nimeliita jina: nembo au neno moja lililorudiwa mara nyingi. Hilo ndilo nilipendalo, maana bahasha hujitaja ilikotoka hata muhuri ukififia.

Kukusanya si kazi kubwa. Legeza gundi kwa mvuke wa birika, kata kipande cha kiasi cha kiganja, kisha upande wa pili andika kwa penseli mji na tarehe ya muhuri. Zile zenye dirisha, aina iliyosajiliwa na Americus Callahan wa Chicago mwaka 1902, zibandue plastiki kwanza. Penye jina au namba ya akaunti, choma. Wala usiokote jalalani, muombe mwenyewe. Katiba ya 2010, Ibara ya 31, inalinda faragha ya mawasiliano.

Tangu M-Pesa ianze 2007, mambo mengi ya pesa yamehamia kwenye simu na bahasha hizi zinapungua. Ujumbe wa simu hauna nakshi. Aliyeishika simu yako keshausoma.

Mwenye barua za zamani, hasa zenye muhuri wa Keroka, mji ulio nusu Kisii nusu Nyamira, nipe bahasha tu. Barua baki nayo.