Jonathan Kuminga

Jonathan Kuminga (alizaliwa Goma, 6 Oktoba 2002) ni mchezaji wa mpira wa kikapu wa kulipwa kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Ni fowadi mwenye urefu wa mita 2.01.

Mwaka 2016 alihamia Marekani, akasoma sekondari West Virginia, New York na New Jersey. Badala ya kwenda chuo kikuu alijiunga na Ignite, timu ya G League (ligi ndogo ya NBA) iliyowalipa vijana mshahara. Alicheza mechi 13 tu, wastani wa pointi 15.8, na hizo zilitosha: Julai 2021 Golden State Warriors walimchagua wa 7 katika drafti ya NBA. Nafasi hiyohiyo ndiyo aliyochaguliwa Mkongo mwenzake, Bismack Biyombo wa Lubumbashi, miaka 10 kabla.

Mwaka 2022, akiwa na miaka 19, alitwaa ubingwa wa NBA, ingawa fainali dhidi ya Boston aliitazama zaidi akiwa benchi. Msimu wake mzuri zaidi ni 2023–24, wastani wa pointi 16.1. Kocha Steve Kerr hakumwamini kila wakati. Lakini nyota wa timu, Stephen Curry, alipoumia Mei 2025, Kuminga aliwafunga Minnesota pointi 30 katika mechi moja. Emmanuel Mudiay, aliyewahi kucheza NBA, ni binamu yake.