Anarudishwa Wapi?

Kila nikisoma habari za Siegfried Sassoon, mshairi Mwingereza wa Vita Kuu ya Kwanza, kuna jambo linanikera: alitibiwa vizuri, kisha akarudishwa kulekule.

Mwaka 1917 Sassoon, afisa mwenye nishani ya ushujaa, alitangaza hadharani kwamba vita vinarefushwa bila sababu. Badala ya kumshtaki, jeshi lilimpeleka hospitali ya Craiglockhart, karibu na Edinburgh, kama mgonjwa wa akili. Huko akakutana na daktari W. H. R. Rivers. Kumbuka, wakati huo daktari Lewis Yealland wa London alikuwa akiwapiga shoti za umeme askari waliopoteza sauti. Rivers yeye alikaa, akasikiliza. Wakawa marafiki. Kabla mwaka haujaisha Sassoon alikubali kurudi kazini, na Julai 1918 akapigwa risasi ya kichwa huko Ufaransa. Alipona, lakini ni bahati tu.

Sasa, Rivers hakuwa mtu mbaya. Alijua kwamba kiwewe kinatulia pale mtu anapopata mtu. Kasoro ni kwamba mazingira yenyewe, yaani mahandaki na mizinga, hayakuguswa. Uhusiano ulitibu, halafu ukatumika kumrudisha mtu motoni.

Ilichukua miongo mingi swali hilo kuulizwa waziwazi. Mwaka 1970, huko New York, askari waliotoka Vietnam na kuipinga vita hiyo walianza kukaa pamoja kuzungumza, nje ya hospitali za serikali, na kuwaalika madaktari Robert Jay Lifton na Chaim Shatan waketi nao. Shinikizo lao lilichangia mwaka 1980 kiwewe kuingizwa kwenye orodha rasmi ya magonjwa ya akili ya Marekani.

Halafu wakaja wanawake. Mwaka 1984 Judith Herman na Mary Harvey walianzisha huduma kwa waathirika wa ukatili katika Hospitali ya Cambridge, Massachusetts. Kitabu cha Herman, *Trauma and Recovery*, kilitoka 1992, na kinashikilia kwamba hatua ya kwanza ya tiba ni usalama. Kusimulia yaliyotokea na kuyaomboleza hufuata baadaye, kisha kurudi kwa watu. Mwaka 1996 Harvey aliandika kwamba kupona kunategemea mambo matatu: mtu mwenyewe, tukio lililompata, na mazingira anamoishi. Ndiyo maana mmoja hupona bila hata kumwona mtaalamu, kwa sababu ana ndugu wanaomwamini, na mwingine hutibiwa miaka asipate nafuu.

Mimi naona hapo ndipo historia hii inatugusa. Sisi tunajisifu kwamba hatuachani wakati wa shida, na ni kweli: msiba ukitokea, watu wanajaa. Lakini mwanamke akikimbia kipigo, wazee wanakaa kikao, wanamsikiliza kwa upole, wanamfariji, kisha wanamwambia, "Rudi kwako mwanangu, ndoa ni kuvumilia." Upole upo. Ukoo upo. Ila nyumba ni ileile, na ngumi ni zilezile.

Kwa hiyo kuuliza "anajisikiaje?" hakutoshi. Kabla hatujasema amepona, tuulize kwanza anarudishwa wapi, kwa nani, na nani huko amekubali kubadilika.